Shajara ya mradi: kuokoa matumbawe laini katika tangi la lita 200, Malindi

Novemba, wiki ya mwisho: hali ya kuanzia

Tangi ni la lita 200. Ukitoa mawe na mchanga, maji yenyewe ni kama lita 170. Liko ndani ya nyumba upande wa Casuarina. Matumbawe yote humo yametokana na vipande vilivyokatwa katika matangi ya wafugaji wengine, hakuna kilichong'olewa baharini. Hifadhi ya Bahari ya Malindi inalindwa tangu 1968 na kuchukua tumbawe humo ni kosa, hata likiwa limekufa.

Kuna Sarcophyton moja kubwa, lile lenye shina nene na kofia kama uyoga, upana wa kofia sentimita 18. Kuna Sinularia yenye vidole, kishada cha Xenia (mashina laini yenye vichwa kama maua), jiwe la zoantidi (jamaa wa matumbawe walio kama vitufe vidogo vilivyoshikana), na Discosoma (jamaa wengine, bapa kama uyoga) chache chini kivulini.

Sarcophyton imejifunga, kofia imekunjamana na upande mmoja una doa la kahawia lenye utelezi. Sinularia imelala, vidole vitatu vimekuwa laini na vyeupe kwenye ncha. Xenia inayeyuka: shina moja leo, matatu kesho. Zoantidi zimefumba. Discosoma ziko sawa, na hilo si ajabu, hizo huvumilia mengi.

Vipimo: chumvi ppt 30 (gramu kwa kila kilo ya maji; bahari huwa karibu 35), joto nyuzi 29.5, amonia mg 0.25 kwa lita, nitrati mg 25, fosfati mg 0.2, alkalini (uwezo wa maji kuzuia tindikali, kwa kipimo cha dKH) 7. Rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, ilisawazishwa kwanza kwa maji ya kipimo ya ppt 35. Ukiisawazisha kwa maji matamu peke yake unaweza kukosea ppt mbili au tatu bila kujua.

Chanzo kikuu ni chumvi. Maji ya tangi hili hutekwa baharini, na mitungi miwili ya mwisho ilijazwa baada ya mvua za vuli. Mto Sabaki unapofurika na kaskazi inapoanza kuvuma, tope la mto husukumwa kusini mpaka ufuo wa mji na hifadhi. Wakati wa kusi tope hilo huelekea kaskazini, na ndiyo maana maji ya Agosti kutoka ufuo uleule huwa safi. Maji ya Novemba yana udongo, yana chumvi pungufu, na yamebeba kila kilichosombwa mashambani. Juu ya hayo, stima ilipotea usiku kucha, pampu zikasimama, taka zikatua ndani ya mkunjo wa kofia ya Sarcophyton. Hapo ndipo kidonda kilipoanzia.

Novemba, wiki hiyohiyo: kujivua ngozi au kuoza?

Kabla ya kushika kisu, amua kwanza kama tumbawe linaumwa. Sarcophyton hujivua ngozi kila baada ya muda. Hufumba polipu zake zote (vile vinywa vidogo vyenye mikono), hung'aa kama lililopakwa nta, kisha utando mwembamba hubanduka vipande vipande. Linaweza kukaa hivyo wiki moja, hata mbili. Wengi hulikata au kulihamisha wakati huo, na kulihamisha ndiko kunakoliumiza. Linachohitaji ni mkondo wa kutosha wa kuuondoa ule utando, basi.

Dalili za kuoza ni nyingine. Doa lina mipaka na linapanuka. Ukilipulizia maji kwa bomba la sindano la ml 60 (lisilo na sindano), utando wa kujivua hupeperuka na chini yake nyama ni nzima, lakini panapooza hutoka uji wa kahawia na nyama huacha shimo. Kisha kuna harufu. Toa tumbawe nje ya maji, linuse. Sarcophyton nzima ina harufu kali ya dawa, tena nzito, kwa sababu ya kemikali zake za kujilinda. Iliyooza inanuka mzoga, na pua ya mtu wa pwani haihitaji kufundishwa tofauti hiyo.

Hili letu linaoza. Shimo la kwanza lina upana wa sentimita 3 na limeingia karibu nusu ya unene wa kofia.

Walaji nao walitafutwa kabla ya kulaumu maji peke yake. Chini ya kofia na kwenye kikonyo hujificha Ovula ovum, kauri nyeupe kama yai yenye vazi jeusi, ambaye chakula chake ni matumbawe ya jamii hii hasa. Hutafuna usiku na kuacha makovu yenye kingo safi. Wako pia konokono wasio na gamba, weupe, wanaokaa kwenye kitako cha shina. Kagua kwa tochi saa mbili baada ya taa za tangi kuzimwa. Humu hakupatikana hata mmoja.

Desemba, mwanzo: maji kwanza

Kisu kisiguse tumbawe lililo katika maji mabaya, kwani kidonda kipya kitaoza palepale. Kidonda kinachosambaa kwa kasi ya sentimita kwa siku hakiwezi kusubiri, lakini hiki kinakwenda polepole, kwa hiyo chumvi ilitangulia.

Chumvi haipandishwi kwa ghafla. Ppt moja kwa siku ndiyo mwisho. Njia iliyotumika ni rahisi: feni inayopuliza juu ya maji hukausha kama lita 3 kwa siku, na badala ya kujazia maji matamu, tangi linajaziwa maji ya chumvi ya ppt 35. Lita 3 huleta gramu 105 za chumvi, yaani kama ppt 0.6 kwa siku. Kutoka 30 hadi 35 ni wiki moja na siku kidogo. Hakuna kumimina chumvi kavu tangini. Chembe ikitua juu ya nyama laini huichoma.

Chumvi yenyewe iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari. Kila mara huulizwa kuhusu chumvi ya mashamba ya Gongoni na Marereni, ambayo iko karibu na ni bei nafuu. Haifai. Maji ya bahari yakianikwa, kalsiamu hutangulia kuganda kama jasi, chumvi ya kawaida hufuata, na magnesiamu hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Unachonunua ni kloridi ya sodiamu karibu tupu. Mboga itakubali, tumbawe halitakubali.

Maji matamu ya kuchanganyia ni yale yaliyopita kwenye kichujio cha osmosisi, chenye utando unaozuia chumvi na uchafu. Maji ya bomba yana klorini. Ya visima vingi vya mjini yana chumvichumvi na nitrati. Ya mvua kutoka paa la mabati huchukua zinki, na zinki ni sumu kwa viumbe wasio na uti wa mgongo hata ikiwa kidogo sana.

Alkalini ya dKH 7 ilimshtua mwenye tangi, akataka kuongeza magadi soda. Subiri. Saba iliyopimwa kwenye ppt 30 ni sawa na nane na ushei kwenye ppt 35, kwa kuwa alkalini hupanda pamoja na chumvi. Chumvi ilipofika 35, kipimo kilisoma 8.3 bila kuongezwa kitu.

Joto: feni imelishusha hadi nyuzi 27. Inafanya kazi vizuri wakati hewa ni kavu, na siku ya unyevu mwingi haishushi hata nyuzi mbili. Mwaka 1998 bahari ilipozidi nyuzi moja au mbili tu juu ya kawaida ya msimu, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilipauka na kufa. Kwa hiyo 29.5 si jambo la kupuuza hata kama maji hayahisi moto mkononi.

Amonia imerudi sifuri baada ya kubadilisha lita 35 na kuondoa Xenia. Nitrati na fosfati hazikuguswa kwa dawa. Kuzishusha kwa pupa ni mshtuko mwingine juu ya mshtuko.

Desemba: Xenia

Haikuokolewa. Xenia ikianza kuyeyuka hakuna nyama ya kukata, kwani shina lote hugeuka uji ndani ya saa chache. Jiwe lilitolewa lote, pampu zikiwa zimezimwa ili mabaki yasisambae, na uji uliobaki ulifyonzwa kwa mrija. Kosa la kawaida ni kuliacha jiwe humo kwa matumaini ya shina moja lililosimama. Shina hilo hufa kesho yake, na amonia yake huwaumiza wengine.

Desemba, wiki ya tatu: kukata Sarcophyton

Chumvi 35, joto 27, amonia sifuri kwa wiki nzima. Doa limefika sentimita 5.

Vifaa: visu vya upasuaji vitatu vyenye makali mapya, glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, sinia ya plastiki, ndoo tatu za maji ya tangi (lita 5 kila moja), iodini ya Lugol ya asilimia 5, bomba la sindano, vijiti vya meno, rababendi, na kitambaa cha shela. Iodini ya kuoshea vidonda inayouzwa duka la dawa ina aina mbili, na moja imechanganywa na sabuni. Ukikosa Lugol usishike ile yenye sabuni hata kwa dharura, kwani povu lake huua.

Vifaa vya umeme vilichomolewa ukutani, kisha jiwe likatolewa. Tumbawe liliachwa dakika mbili juu ya sinia likimwaga maji na kusinyaa. Likisinyaa linashikika, na unaona vizuri nyama iliyo nzima ilipo.

Mkato unapita sentimita 1 ndani ya nyama nzima, si kwenye mpaka wa doa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu huona huruma, hukwangua kahawia tu, na siku ya tatu doa limerudi likiwa kubwa zaidi, kwa kuwa vijidudu viko mbele ya rangi. Kipande kilichotoka kilikuwa kama robo ya kofia. Mwenye tangi alikunja uso, lakini kofia huota tena.

Baada ya mkato angalia uso wa nyama. Nzima ni ya rangi ya maziwa, ngumu, na kisu hukwaruza ndani yake kana kwamba kuna mchanga: ni vijiwe vya chokaa vinavyoshikilia mwili wake. Vijiwe hivyo humaliza makali haraka, kwa hiyo badilisha kisu kila baada ya mikato miwili au mitatu. Kisu butu huponda nyama, na nyama iliyopondwa huoza. Kwenye mkato wa kwanza ulionekana mstari wa kijivu ukishuka kuelekea shina, basi nusu sentimita nyingine ikaondolewa mpaka uso wote ukawa safi.

Kuosha: ndoo ya kwanza ni ya kusuuza ute. Ya pili ina matone 10 ya Lugol kwa kila lita, yaani matone 50 kwa lita 5, mpaka maji yawe na rangi ya chai ya mkandaa iliyotiwa maji mengi. Tumbawe hukaa humo dakika 10, huku bomba likipuliza maji polepole kwenye kidonda. Ya tatu ni ya kusuuza tena, kisha tangini. Iodini haimiminwi ndani ya tangi hata tone, na dawa za samaki zenye shaba ndiyo kabisa: shaba hulala kwenye mawe na kutoka taratibu kwa miezi.

Kutoka kwenye robo iliyokatwa kulikuwa na ukingo mzima wa upana wa sentimita 4. Ulikatwa vipande viwili, vikaoshwa vivyo hivyo, na vikawekwa kwenye bakuli la vifusi vya mawe ndani ya tangi, mahali penye mkondo mdogo. Gundi ya haraka haishiki kwenye ute wa Sarcophyton. Hukauka juu ya ute, ute hubanduka, kipande hupotea nyuma ya mawe. Kijiti cha meno kilichopita kwenye kitako na kufungwa juu ya jiwe kwa rababendi hufaa zaidi, ila usikaze: rababendi iliyokazwa hukata nyama kama uzi wa mshipi, nawe utapata vipande vinne badala ya viwili.

Maji ya ndoo na mabaki yote yalitiwa klorini ya kufulia, ml 50 kwa kila lita 10, yakaachwa hadi kesho yake kisha yakamwagwa shimoni. Hayarudi baharini, hata kama bahari iko hatua chache. Ugonjwa wa tangini haujulikani umetoka wapi, na miamba ya huku ina mzigo wake wa kutosha.

Desemba, saa 24 za kwanza baada ya mkato

Tumbawe lililokatwa hutoa ute mwingi pamoja na sumu zake. Skima, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu, ilifurika ndani ya saa moja, kwa hiyo kikombe chake kiliondolewa kizibo cha chini na mrija ukaelekezwa kwenye ndoo. Kaboni amilifu (mkaa maalumu unaofyonza sumu), kikombe kimoja cha chai kilichosuuzwa mpaka maji yakawa meupe, iliwekwa kwenye mfuko mahali maji yanapopita kwa nguvu. Hubadilishwa baada ya siku 3, tena baada ya siku 3 nyingine, kisha kila wiki. Sumu za Sarcophyton zikibaki majini, Sinularia na zoantidi ndio wa kwanza kufumba, na watu hudhani ugonjwa umeenea.

Taa zimepunguzwa nguvu, saa 6 badala ya 10.

Desemba, kabla ya Krismasi: Sinularia

Vidole vitatu vilikatwa kwa mkasi wa upasuaji, kila kimoja sentimita 1 chini ya weupe. Iodini kama ilivyoelezwa. Shina kuu liko imara.

Ncha moja nzima ilibanduka yenyewe kutoka kwenye jiwe na ilihitaji kushikizwa. Hapa shela ndilo bora: kipande cha sentimita 10 kwa 10, tumbawe chini yake, kingo zimefungwa kwa rababendi nyuma ya jiwe. Matundu yake ni madogo, maji hupita, na nyama haibanwi mahali pamoja. Wengine hutumia chandarua kilichochakaa. Vyandarua vya siku hizi vimetiwa dawa ya mbu, na dawa hiyo huua kamba na kaa kabla hata ya kufikia tumbawe. Shela la harusi, la bei ndogo sokoni, halina dawa.

Sarcophyton: uso wa kidonda umefunikwa na utando mwembamba unaong'aa. Hakuna kahawia.

Januari: zoantidi

Zilifunguka zenyewe chumvi ilipopita 33, zikabaki chache upande mmoja zenye vipele vyeupe. Glavu na miwani tena, safari hii kwa sababu nyingine. Baadhi ya zoantidi wana palitoksini, sumu inayoweza kumlaza mtu hospitali kwa kuingia kwenye jicho au kidonda kidogo cha mkono. Usisugue jiwe lake nje ya maji mpaka likaruka matone, na usilichemshe kamwe, kwa kuwa mvuke wake umewahi kuwaugusha watu wa nyumba nzima.

Jiwe lilisuguliwa taratibu kwa mswaki laini ndani ya ndoo, likatiwa Lugol dakika 10, likarudishwa. Mchakato ulirudiwa baada ya wiki. Dawa haiui mayai ya konokono walao zoantidi, na hata kama hawaonekani, raundi ya pili hushika walioanguliwa. Vipele vimekauka, polipu mbili zimekufa, zilizobaki zimefunguka.

Januari, mwisho

Stima ilipotea tena, saa tano. Safari hii kulikuwa na pampu ya hewa ya betri iliyojiwasha yenyewe, na mawe mawili ya kutoa viputo. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na usiku matumbawe na samaki wote huvuta bila kurudisha. Hakuna kilichofumba asubuhi.

Sarcophyton ilijivua ngozi, ya kwanza tangu mkato. Ilifumba siku kadhaa, mkondo ukaelekezwa pembeni kidogo, utando ukaondoka, na upande uliokatwa ukatoa polipu fupi kwenye ukingo. Kipande kimoja cha bakulini kimeshika jiwe, rababendi imeondolewa. Cha pili kijiti kilipita kikatoka upande wa pili, jambo la kawaida kwa nyama hii, kwa hiyo kimerudishwa kwenye vifusi bila kijiti. Kitashika chenyewe kikikaa kitulivu wiki mbili au tatu.

Februari

Vipimo vimetulia: ppt 35, nyuzi 27, dKH 8.4, kalsiamu 420, nitrati 12, fosfati 0.08. Taa saa 9.

Shela la Sinularia limetolewa, ncha imeota kitako cheupe kilichokumbatia jiwe. Ukilivuta shela kwa nguvu utabandua kitako hicho pamoja nalo: kata rababendi kwanza, acha siku moja, kisha likunje kutoka ukingoni.

Kofia ya Sarcophyton ina pengo bado, lakini ukingo wake umeviringika na hauna mkunjo wa kukusanya taka. Pampu imeinuliwa ili mkondo upite juu ya kofia, na Sinularia imesogezwa sentimita 15 mbali nayo.

Machi maji ya bahari huku hupanda kuelekea nyuzi 29 na zaidi, na nyumba nayo hufuata. Feni ya pili imefungwa, mitungi sita ya lita 20 imejazwa wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa na mto ukiwa mdogo, na imewekwa gizani ili udongo utue. Maji ya juu hutolewa kwa mrija, sentimita 5 za chini humwagwa.